Nimeambiwa mifupa yangu imeisha: jibu kwa mwalimu wa Usa River

Swali: "Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Usa River, Arusha. Nina miaka 52, hedhi ilikoma nikiwa na 49. Mwaka jana mama yangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga, hadi leo anatembea kwa kushikilia fremu. Mwezi uliopita walikuja watu shuleni na mashine ya kushika mkononi. Niliishika kama dakika moja, kompyuta ikatoa karatasi kwamba mifupa yangu ni ya bibi wa miaka 75 na ute wa magoti umekauka. Wameniandikia makopo sita ya kalsiamu, bei yake inakaribia mshahara wangu. Nimezaa watoto wanne, wote nimewanyonyesha, na nilitumia sindano ya uzazi wa mpango miaka mingi. Magoti yananiuma nikipanda ngazi. Je, ni kweli mifupa yangu imeisha? Nile nini?"

Jibu: Mwalimu, pole sana kwa mama, na nashukuru umeuliza kabla hujatoa hela. Makopo hayo usiyanunue, na karatasi hiyo isikukoseshe usingizi. Hakuna mashine inayoshikwa kiganjani ikajua hali ya mfupa wa nyonga au wa mgongo. Kipimo kinachokubalika kinaitwa DXA. Unalala kitandani, mkono wa mashine unapita juu yako na mionzi kidogo sana ya eksirei, unapigwa nyonga na pingili za chini za mgongo, na katika dakika 10 hadi 20 umeshamaliza. Majibu huja kama namba inayoitwa T-score, inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya. Kwa vigezo ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 1994, kuanzia -1 kwenda juu ni hali ya kawaida, kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua, na -2.5 kwenda chini ndiyo osteoporosisi, yaani mifupa dhaifu inayovunjika kirahisi. Mashine hizi kwetu bado ni chache, nyingi ziko hospitali kubwa za mijini, kwa hiyo piga simu kwanza kabla ya kupanda gari.

Magoti yako ni habari nyingine kabisa, na wauzaji wameyachanganya makusudi. Osteoporosisi haiumi. Mfupa unaweza kupungua miaka 20 mtu asisikie chochote, mpaka siku anapojikwaa akavunjika kifundo cha mkono. Goti linalouma ukipanda ngazi, kwa umri wako, mara nyingi ni gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) iliyolika pamoja na misuli ya paja iliyolegea. Kalsiamu hailitibu hilo, hata ukinywa kopo zima.

Sasa swali lako la msingi. Mfupa si kitu kilichokufa. Ndani yake kuna mafundi wawili wasiopumzika, mmoja anabomoa sehemu zilizochakaa, mwingine anajenga upya, na kwa mtu mzima takribani sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hubadilishwa kila mwaka. Ujanani anayejenga yuko mbele. Kufikia miaka 30 hivi umefika kilele chako, na kuanzia hapo kazi ni kulinda ulichonacho. Homoni ya estrojeni ndiyo inayomshika mkono fundi wa kubomoa. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, naye anafunguliwa. Ndiyo maana katika miaka mitano hadi saba baada ya kukoma hedhi mwanamke anaweza kupoteza mpaka asilimia 20 ya mfupa wake, kisha kasi inapungua. Wewe una miaka mitatu tangu ikome, kwa hiyo uko katikati ya kipindi hicho. Kwamba mifupa imeisha si kweli. Ila huu ndio wakati wa kuishughulikia, si wakati wa kusubiri.

Kuzaa na kunyonyesha nakuomba ukutoe kwenye orodha ya lawama. Ni kweli mama anayenyonyesha miezi sita anaweza kupoteza asilimia 3 hadi 7 ya mfupa wa mgongo kwa muda, lakini akiachisha mtoto mwili unaurudisha. Wanawake wa vijijini Gambia, ambao watafiti wamewafuatilia kwa miongo mingi, huzaa watoto wengi, hunyonyesha muda mrefu, na kalsiamu wanayokula ni chini ya nusu ya kinachoshauriwa, na bado kuvunjika nyonga kwao kulikuwa kwa nadra. Zaidi ya hapo, wajawazito wa huko walipopewa vidonge vya kalsiamu katika utafiti, wakati wa kunyonyesha mifupa ya nyonga zao ilionekana kuwa na madini kidogo kuliko ya wenzao ambao hawakupewa. Miili yao ilikuwa imeshazoea kubana matumizi, vidonge vikaivuruga. Kila nikimwona muuzaji wa makopo huwa naikumbuka habari hiyo.

Sindano ya miezi mitatu nayo hupunguza mfupa kiasi ukiwa unaitumia. Baada ya kuacha, sehemu kubwa hurudi, na Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha miaka ya matumizi kwa mwanamke wa miaka 18 hadi 45. Mtajie daktari wako, lakini usijilaumu.

Kuna jambo moja katika barua yako linalonifanya nilichukulie suala lako kwa uzito, nalo ni nyonga ya mama. Sehemu kubwa ya kilele cha mfupa wa mtu, kati ya asilimia 60 na 80 ya tofauti zilizopo baina ya watu, hutokana na kurithi. Kikokotoo cha FRAX kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, ambacho madaktari hutumia kukadiria uwezekano wa mtu kuvunjika katika miaka kumi ijayo, kinauliza waziwazi kama mzazi aliwahi kuvunjika nyonga. Kinauliza pia umri, uzito na urefu, kama umewahi kuvunjika ukubwani, sigara, pombe ya vipimo vitatu au zaidi kwa siku, ugonjwa wa baridi yabisi unaoshambulia viungo, na dawa za steroidi. Kwa sababu ya mama, wewe unastahili kupimwa DXA sasa bila kusubiri ufikishe umri wa miaka 65.

Kwenye hizo steroidi naomba tukae kidogo, maana hapa Afrika Mashariki ndipo ninapoona mifupa ya watu wa umri wa kati ikiharibika bila wao kujua. Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa nzuri zikitumika mahali pake, na kuna wagonjwa zimewaokoa maisha. Lakini zinauzwa kaunta kwa mtu yeyote mwenye shilingi. Wapo wanaozimeza ili wanenepe mashavu na makalio. Wapo wanaonunua unga wa "mitishamba" wa viungo unaoondoa maumivu kwa siku mbili, kumbe umechanganywa steroidi. Na wapo wanaojipaka mkorogo wenye klobetasoli, ambayo nayo ni steroidi, mwili mzima kwa miaka. Dawa hizi humfunga mikono fundi wa kujenga, na upotevu huwa mkali zaidi miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Uso ukianza kuwa mviringo, ngozi ikawa nyepesi na kuchubuka kwa kuguswa tu, sukari ikapanda ghafla, jiulize unachomeza au unachopaka ni nini hasa. Mwalimu, kwa kuwa magoti yanakuuma, nakuuliza moja kwa moja: kuna dawa ya viungo unayotumia isiyo na maandishi ya kueleweka? Kama ipo, nenda nayo kliniki. Usiiache ghafla kama umeitumia wiki nyingi, kwa sababu mwili unaweza kuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe inayofanana na steroidi hizo, na kukatisha kwa mara moja ni hatari.

Wanaotumia ARV zenye tenofovir nao wanasoma hapa. Ndiyo, mfupa hupungua asilimia chache katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha hutulia. Faida ya dawa inazidi hasara hiyo mbali sana, kwa hiyo mtu asiache. Aongeze mazoezi, na sigara aiache.

Na mazoezi ndiyo jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Tangu mwaka 1892 daktari wa Kijerumani Julius Wolff alipoandika kuhusu mfupa kujiunda kulingana na mzigo unaoubeba, ushahidi umekuwa ukiongezeka tu. Wachezaji wa tenisi waliopigwa picha walikutwa mfupa wa mkono unaoshika raketi una ukuta mnene kuliko wa mkono wa pili kwa takribani theluthi moja. Mtu ni yuleyule, damu ni ileile, chakula ni kilekile. Upande wa pili wako wanaanga. Kule juu uzito haupo, na nyonga zao hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi, kiasi ambacho bibi wa kawaida hupoteza kwa mwaka mzima.

Mfupa unasikia mzigo mzito au wa kushtukiza, si mzigo wa muda mrefu. Kusimama darasani saa sita kunakuchosha miguu lakini hakuujengi. Kutembea kunasaidia moyo, sukari na mwendo, ila peke yake hakuongezi mfupa kwa kiasi cha maana. Kuogelea na baiskeli ndiyo kabisa havijengi mfupa. Watafiti wa Kijapani waliwafundisha panya kuruka, wakaona waliokuwa wakiruka mara 5 tu kwa siku walipata karibu faida ileile ya walioruka mara 40. Mfupa ukishapata taarifa unanyamaza, na kuurudiarudia hakuongezi sana.

Je, kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma inawezekana? Inawezekana. Australia walichukua wanawake 101 wenye umri wa zaidi ya miaka 58 na mifupa iliyopungua. Nusu yao walinyanyua vyuma vizito na kuruka chini ya msimamizi, dakika 30, mara mbili kwa wiki, kwa miezi minane. Mfupa wa mgongo wao ukaongezeka asilimia 2.9. Wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani walipungua asilimia 1.2. Asilimia 2.9 inaweza kuonekana ndogo, lakini hao walikuwa kwenye mteremko, wakageuka na kuanza kupanda.

Sikuambii ukanyanyue vyuma kesho. Anza na kiti cha darasani. Kaa, simama bila kushika popote, mara kumi, pumzika, rudia. Ikiwa rahisi, kumbatia begi la madaftari kifuani ukifanya hivyo, kisha ongeza madaftari wiki hadi wiki. Zoezi hilohilo linaimarisha paja, na paja likiwa imara goti linapata nafuu. Simama karibu na ukuta, nyanyuka kwa vidole, halafu achia visigino vitue chini kwa kishindo. Simama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, mkono ukiwa karibu na kitu cha kushika. Kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia hospitali iliyo karibu nawe, muone akuongoze kuongeza mzigo, hasa baada ya majibu ya DXA. Na kuna jambo moja la kuepuka: kuinama mgongo ukiwa umepinda na kuinua ndoo ya lita 20. Hizo ni kilo 20, na pingili dhaifu hupondeka upande wa mbele kwa mkao huohuo. Chuchumaa, mgongo wima, ndoo karibu na mwili, au ijaze nusu.

Kuna jambo la kwenu ambalo msomaji wa Mtwara asingehitaji kuambiwa. Maji ya chemchemi na mito mingi inayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa kikomo. Meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia huko yanatokana nayo. Floraidi huingia kwenye mfupa pia, na hapa ndipo watu hudanganyika, kwa sababu mfupa wenye floraidi nyingi huonekana mzito kwenye eksirei na kwenye DXA. Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani iliwahi kuijaribu kama dawa. Matokeo yalitoka mwaka 1990: katika miaka minne mfupa wa mgongo uliongezeka asilimia 35, ongezeko ambalo dawa nyingi haziwezi kulifikia. Lakini pingili hazikuacha kuvunjika, na mifupa mingine ya mwili ikavunjika zaidi. Madini yaliongezeka, ubora ukashuka.

Kwa hiyo ukipimwa ukakutwa na namba nzuri, mwambie daktari umeishi Usa River miaka mingapi na maji ya kunywa unayatoa wapi. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi inabaki ileile, tena katika maji machache. Kinachosaidia ni maji ya mvua uliyokinga vizuri, au chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikilifanyia kazi miaka mingi. Magadi pia, hayo yanayotiwa kwenye maharage na makande yaive haraka, yana floraidi. Loweka maharage usiku kucha, uyaache magadi.

Ugonjwa wa kisukari hudanganya kwa namna hiyo pia. Mwenye kisukari aina ya pili mara nyingi ana namba nzuri ya DXA, na bado anavunjika zaidi ya jirani yake asiye na sukari.

Umeuliza ule nini. Baada ya miaka 50 mwanamke anashauriwa kupata kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, na sehemu kubwa unaweza kuipata jikoni kwako. Glasi kubwa ya maziwa ina kama 300. Maziwa yakikusumbua tumbo, kunywa mtindi. Dagaa wanaoliwa wazima, na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi kupita karibu chakula chochote cha sokoni, na bei yao haina ubishi. Uji wa ulezi una nafasi yake. Kwenye mboga, sukuma wiki, chainizi na figiri zinatoa kalsiamu yake vizuri. Mchicha unayo nyingi lakini umeishikilia kwa oksaleti, kemikali ya mmea inayoizuia isifyonzwe na mwili, kwa hiyo usiutegemee kwa hilo. Supu ya makongoro ni tamu na wala siikatazi, lakini kalsiamu iliyomo ni kidogo sana, na haiongezi ute wa magoti. Usisahau maharage, mayai, samaki, kwani mfupa unahitaji protini. Na kama una mpango wa kupungua uzito, pungua polepole huku ukifanya mazoezi ya nguvu, kwa sababu wanaokonda haraka hupoteza na mfupa, na mtu mwembamba sana yuko hatarini kuliko mwenye mwili wa wastani.

Vitamini D kwetu ni jua. Watafiti walipowapima Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kwa mila zao nchini Tanzania, wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati upungufu huhesabiwa chini ya 50. Wanaopaswa kuwa na wasiwasi ni wanaokaa ndani kutwa, wanaojifunika mwili wote, wazee wasiotoka kitandani, na ndugu zetu walio Ulaya na Amerika Kaskazini wakati wa baridi. Kwa mtu asiye na upungufu vidonge havisaidii. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2022, wenye watu zaidi ya 25,000, haukuona vikipunguza kuvunjika mifupa. Dozi kubwa ya mara moja kwa mwaka ilipojaribiwa Australia, wanawake wazee walianguka na kuvunjika zaidi. Dozi za namna hiyo zikataeni.

Nenda kliniki ukiwa na mambo haya: umri hedhi ilipokoma, miaka ya sindano, dawa na krimu zote ulizotumia, na urefu wako. Jipime ukutani. Ukiona umepungua sentimita nne au zaidi kuliko ulivyokuwa kijana, omba eksirei ya mgongo, kwa sababu pingili nyingi huvunjika kimyakimya. Kama mgongo unauma hadi usiku, kuna homa, jasho au unakonda, sema mapema. Kifua kikuu cha mgongo hutokea kwetu, kinaleta kibiongo kinachofanana na cha uzee, na dawa zake ni tofauti kabisa.

Nimemwacha mama mwisho, ilhali yeye ndiye aliye hatarini zaidi kuliko wewe. Aliyevunjika nyonga mara moja ana uwezekano mkubwa wa kuvunjika tena, hasa katika miaka miwili ya mwanzo, na wazee wengi huunganishwa mfupa wakarudishwa nyumbani bila dawa ya mfupa wenyewe. Mrudishe hospitali uulize kuhusu alendroneti, ambayo humezwa kidonge kimoja kwa wiki, au sindano ya zoledroneti ya mara moja kwa mwaka, baada ya figo na kalsiamu ya damu kupimwa. Akipewa alendroneti ameze asubuhi kabla ya kitu chochote, kwa glasi kamili ya maji matupu, si chai wala maziwa, kisha akae wima au asimame nusu saa, la sivyo itamchoma koo. Dawa zake za presha zipitiwe upya kama anapata kizunguzungu akisimama. Macho yapimwe. Bafuni weka bomba la chuma la kushika lililofungwa ukutani na fundi, ondoa ndala zilizoisha soli, na taa ya usiku kati ya kitanda na choo iwake mpaka asubuhi. Hela ya makopo sita inatosha kwa kazi hiyo ya bafuni na chenji ikabaki ya nauli ya kwenda kupima.